Spika za upande wa pili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye redio kubwa sebuleni anayetaka isikike pia barazani, jikoni au kwenye kibanda cha uani. Yameandikwa kwa kufikiria nyumba za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini: tofali za kuchoma, bati juu, mvua ya miezi na umeme unaokuja na kuondoka. Msimamo wangu nausema mapema. Mara nyingi dawa si kuitwisha ampli moja (mashine inayokuza sauti na kusukuma spika) spika zaidi, bali kuongeza ampli ndogo ya pili. Zipo nyumba ambazo hazihitaji hivyo, na tunaanza na hizo.

Nina redio moja sebuleni. Naweza kuunga spika mbili zaidi za barazani bila kununua kitu kingine?

Igeuze ampli uangalie mgongo wake. Ukikuta seti mbili za matundu ya spika, moja imeandikwa A na nyingine B, na mbele kuna vitufe vya A na B, basi aliyeitengeneza alishakufikiria. Spika za sebuleni zikae A, za barazani zikae B, ubonyeze unachotaka kusikia. Ampli nyingi za zamani za Sansui, Pioneer, Kenwood na Technics zina mpangilio huu, na ndiyo sababu mojawapo ya kutomshauri mtu auze ile ya baba yake.

Ukikuta seti moja tu, usiunge chochote kwanza. Soma hapo chini.

Kila fundi anataja omu. Omu ni nini hasa?

Ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia mkondo wa umeme unaotoka kwenye ampli. Spika ya omu 8 inazuia zaidi, ya omu 4 inazuia kidogo. Wengi wanateleza hapa: ukiunga spika mbili za omu 8 kwenye tundu moja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi (ndiyo kuunga sambamba), ampli haioni omu 16, inaona 4. Tatu za omu 8 zinakuwa kama 2.7. Mbili za omu 4 zinakuwa 2. Omu zikishuka nusu, ampli inadaiwa mkondo mara mbili bila wewe kugusa sauti, na mkondo huo unageuka joto kwenye transista zake. Ni lori linalopanda mlima Kitonga na mzigo wa malori mawili: litapanda, lakini tazama geji ya joto.

Ndiyo maana ampli yenye spika nyingi kupita kiasi inaweza kulia vizuri mwezi mzima kwa sauti ya chini, halafu siku ya kipaimara ikafa kabla keki haijakatwa.

Nyuma ya ampli yangu kuna tarakimu mbili tofauti za omu. Nifuate ipi?

Zote mbili. Maandishi ya kawaida ni omu 4 hadi 16 ukitumia A peke yake au B peke yake, na omu 8 hadi 16 ukiziwasha pamoja. Tarakimu hizo ni za kila spika moja moja, si za jumla. Hesabu ya jumla mtengenezaji ameshakufanyia. Kwa hiyo spika nne za omu 8 ni halali. Spika za omu 6 sebuleni na za omu 4 barazani, zikiwaka kwa pamoja, si halali, hata kama fundi atakuapia kwamba amewaungia wengi na hakuna iliyoungua.

Spika nilinunua soko la Mwanjelwa, hazina maandishi yoyote. Nitajuaje omu zake?

Kwa multimita, ile ile ya fundi umeme. Iweke kwenye omu za chini, chomoa spika kutoka kwenye ampli, kisha gusa ncha zake mbili. Spika ya omu 8 husoma kati ya 6 na 7, ya omu 4 husoma 3 na kitu. Usishangae mita kusoma chini ya jina la spika: mita inapima waya wa koili ukiwa umetulia, wakati omu zinazoandikwa kwenye boksi ni za spika inayocheza muziki. Ikisoma sifuri, kuna shoti. Isiposoma kitu, koili imekatika, isipokuwa kama unapima twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) iliyofungiwa kapasita, maana umeme wa mita haupiti kwenye kapasita.

Fundi aliunga spika zote kwa mfululizo, sauti ikashuka. Amekosea?

Hajaharibu kitu. Kwa mfululizo, yaani umeme ukipita spika moja ndipo uingie ya pili, omu zinajumlishwa: 8 na 8 ni 16, ampli inapumua. Hasara yake ni kwamba ampli inatoa wati chache, spika zisizofanana zinagawana umeme vibaya hadi besi inatetereka, na moja ikikatika zote mbili zinanyamaza. Kwa spika zinazofanana kabisa ni njia ya kuvumilika.

Baadhi ya ampli hufanya hivyo zenyewe ndani kwa ndani ukibonyeza A na B pamoja. Ukiwasha B ilhali hujaunga spika huko, A nayo inanyamaza. Nimeona ampli nzima kabisa zikipelekwa kwa fundi kwa "ugonjwa" huo.

Mimi nina sabufa ya kawaida: boksi la besi na spika ndogo mbili. Inafaa?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana, halafu ndiyo kwa njia nyingine.

Hapana, kwa kuunga spika zaidi kwenye matundu yake. Ndani ya sabufa nyingi za bei ya chini kuna chipu ndogo za aina ya TDA2030, ambazo kwa spika ya omu 4 hutoa wati kumi na kitu kila moja, hata kama boksi limejaa maelfu ya wati za PMPO, yaani wati za matangazo. Spika zake ndogo mara nyingi tayari ni za omu 4. Ukiongeza nyingine sambamba unashuka hadi 2, na chipu inaanza kujizima kwa joto: inazima, inapoa, inawaka, inazima tena. Mwenye nyumba anailaumu TANESCO. Ukitaka kujua nguvu halisi ya sabufa yako, achana na maandishi ya mbele. Soma kibandiko cha nyuma panapotajwa umeme inaoutumia. Kama inatumia wati 60, hakuna muujiza wa kutoa wati 3,000 za muziki humo ndani.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni waya wa hasi. Katika ampli zenye chipu kama TDA7297, hasi ya spika si ardhi. Nayo inatoa umeme kama chanya. Fundi anayeziunganisha hasi za kushoto na kulia ili aokoe waya mmoja wa kwenda nje anatengeneza shoti. Kila spika ipelekewe nyaya zake mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Huu si ufahari.

Sasa ndiyo. Ziache nyaya za spika, ichukue sauti kabla haijakuzwa. Runinga yako, king'amuzi, deki au simu ina tundu la kutolea sauti, la AV au la hedifoni. Weka hapo kigawanyi cha njia mbili: njia moja iende kwenye sabufa ya sebuleni, nyingine iende kwenye ampli ndogo au sabufa ya pili iliyoko jikoni. Sauti hafifu namna hiyo inagawanyika kwa ampli mbili bila kuumiza kitu. Kila moja inabeba spika zake, ina kitufe chake cha sauti, na ikifa moja nyingine inaendelea na kipindi. Tahadhari moja tu: kigawanyi ni cha kugawa chanzo kimoja. Usikigeuze ukaingiza simu na king'amuzi kwa pamoja kwenye ampli moja; vyanzo viwili vitasukumana.

Nimeuziwa ampli ya mtumba iliyotoka Japani. Naichomeka tu?

Soma kibandiko kwanza. Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100, wa Marekani ni 120, wetu ni 230. Ampli iliyotengenezwa kwa soko la Japani ikichomekwa kwenye soketi ya hapa inaunguza fyuzi ukiwa na bahati, na transfoma usipokuwa nayo. Inahitaji transfoma ya kushushia umeme yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye ampli, si ile ndogo ya kunyolea ndevu. Zile zilizotengenezwa kuuzwa nchi nyingi huwa na swichi ya kuchagulia volti mgongoni. Hakikisha imekaa 220 au 240. Muuzaji akisema "hii inajirekebisha yenyewe", mwombe aichomeke yeye, mbele yako.

Waya gani ninunue?

Wa shaba, na unene uendane na umbali. Shaba ya milimita mraba 1.5 ina ukinzani wa kama omu 0.0115 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo baraza iliyo mita 15 ni waya wa mita 30, yaani omu 0.34. Kanuni ninayoishi nayo ni kwamba waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika: 0.4 kwa spika ya omu 8, na 0.2 kwa ya omu 4. Ukipiga hesabu, waya wa 1.5 unakufikisha mita 17 kwa spika ya omu 8, na wa 2.5 unakufikisha mita 29. Kwa spika za omu 4 gawa kwa mbili. Ule wembamba mwekundu na mweusi unaokuja ndani ya boksi la sabufa mara nyingi haufiki hata 0.5, na ukiwa 0.5 kamili unaishia mita 5 na kitu. Baada ya hapo unapasha waya joto badala ya kucheza ngoma.

Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, unaouzwa kwa bei ya kuvutia. Ukinzani wake unazidi wa shaba halisi kwa nusu na zaidi, na ncha zake hukatika ukizikunja mara chache. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukikuta weupe ndani, ni huo. Si haramu, ila ununue mnene zaidi na usilipe bei ya shaba.

Mafundi umeme wengi huku hutumia ule ule waya wa 1.5 wa taa. Kwa sauti sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba miaka mitano baadaye mtu mwingine atafungua boksi la ukutani, akute nyaya za rangi zilezile, na aamini hizi ni za spika kumbe ni za taa. Tumia rangi nyingine, au funga utepe ulioandikwa kila mwisho.

Upite wapi?

Kokote, ila si kwenye paipu moja na nyaya za umeme wa volti 230. Kwanza ni usalama: ganda likichubuka, umeme wa ukutani unaingia kwenye ampli na kwenye spika unayoishika. Pili ni mvumo. Acha nafasi ya sentimita 30 hivi panapowezekana, na zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba, zisitembee pamoja.

Kama nyumba bado iko kwenye boma, mwambie fundi alaze paipu tupu kutoka sebuleni kwenda barazani, jikoni na chumba cha wageni kabla ya plasta. Paipu hizo ni bei ndogo mno ukilinganisha na kuja kuchimba tofali ya kuchoma baadaye, kusafisha vumbi jekundu na kupaka rangi upya. Darini, hasa panapohifadhiwa mahindi, usiache waya wazi. Panya wanautafuna.

Nataka kupunguza sauti ya nje bila kugusa ya ndani.

Kwa A na B za kawaida haiwezekani. Kitufe ni kimoja. Unaweza kuweka kidhibiti cha sauti ukutani upande wa barazani, na vipo vya namna mbili. Kimoja kina transfoma ndogo ndani; hakipotezi nguvu nyingi, na vingine vina kiungo cha kupandisha omu ili ampli isilemewe. Kingine ni cha ukinzani, kinachoitwa L-pad, ambacho ni rahisi lakini lazima omu zake zilingane na za spika na wati zake zitoshe, kwa kuwa nguvu iliyopunguzwa inageuka joto humo humo. Usikubali kufungiwa kile kitufe kidogo cha sauti kilichong'olewa kwenye redio mbovu. Kimetengenezwa kwa sauti hafifu. Ukipitisha nguvu ya spika kinatoa moshi.

Vipo pia visanduku vya kuchagulia spika vya jozi mbili hadi nne. Kinachofaa ni chenye kinga ya omu ndani yake. Visivyo nayo ni swichi tupu, na hesabu ya omu inabaki juu yako.

Ukifika kwenye kununua kidhibiti, sanduku na waya mnene, jumlisha bei. Mara nyingi umeshafika bei ya ampli ndogo ya pili, ambayo ina kitufe chake.

Mama anataka kwaya jikoni, baba anataka taarifa ya habari sebuleni. Kwa mashine moja?

Hapo unahitaji resiva, yaani ampli ya kuungia vyanzo vingi, iliyoandikwa "Zone 2", si A na B. A na B zinapeleka kitu kilekile pande zote mbili. Zone 2 inaweza kucheza chanzo tofauti na ina sauti yake. Kabla ya kulipa angalia mambo mawili. Je, ina matundu ya spika ya upande wa pili, au inatoa sauti hafifu tu inayohitaji ampli nyingine? Na je, upande wa pili unakubali chanzo gani? Resiva nyingi za zamani kidogo hupeleka huko sauti iliyoingia kwa waya wa AV tu. King'amuzi ulichounga kwa HDMI kitasikika sebuleni, na jikoni kimya. Dawa ni kuunga king'amuzi hicho mara mbili: HDMI kwa sebule, na waya wa AV kwa ajili ya jikoni.

Au mnunulie mama redio yake. Nasema kweli, nyumba kadhaa zimepata amani kwa njia hiyo.

Kwa nini nisitumie Bluetooth tu, bila waya?

Tumia, kama pande mbili hazisikiki kwa pamoja. Bluetooth huchelewesha sauti, kwa kawaida kama sehemu ya tano ya sekunde. Ukikaa kwenye mlango wa barazani, ukasikia sebule kwa waya na baraza kwa Bluetooth, kila neno la mhubiri linakuja mara mbili. Sauti yenyewe ikisafiri hewani mita 20 inachukua kama milisekunde 60 tu, na hiyo sikio linaivumilia, 200 halivumilii.

Jambo la pili ni kuta. Vifaa vingi vya Bluetooth vinalenga mita 10 penye uwazi. Ukuta wa tofali za kuchoma ukichanganya na mlango wa chuma unapunguza hapo sana.

Tangu niongeze ampli ya pili kuna mvumo usiokoma.

Chomoa waya wa AV kwenye ampli ya pili. Mvumo ukiisha, tatizo ni mzunguko wa ardhi: vifaa viwili vimeunganishwa kwa ardhi ya umeme na tena kwa ardhi ya waya wa AV, na mkondo mdogo unazunguka hapo. Jaribu kuvichomeka vyote kwenye soketi moja ya ukutani. Chomoa pia waya wa dishi kwenye king'amuzi, kwani mara nyingi ndiye mchawi. Visipotulia, nunua kitenganishi cha ardhi cha waya wa AV. Ni transfoma mbili ndogo kwenye kiboksi, na inamaliza kazi.

Usikate pini ya ardhi ya plagi. Najua inanyamazisha. Inanyamazisha pia kinga yako siku umeme utakapogusa bati la ampli. Na kama nyumba haina fimbo ya ardhi iliyozikwa vizuri, anza na hiyo kabla hujafikiria muziki.

Waya wa AV wenyewe uwe wenye kinga ya wavu na usizidi mita 10 hivi. Kwa umbali zaidi ni afadhali kuiweka ampli ya pili karibu na chanzo, kisha kurefusha waya wa spika.

Radi za Mbeya zinanitisha. Waya wa kwenda kibandani hauleti radi ndani?

Unaweza kuleta athari zake. Radi haihitaji kuipiga nyumba yako. Ikipiga jirani, waya mrefu ulioning'inia kati ya nyumba na kibanda unavuta msukumo wa volti na kuupeleka moja kwa moja kwenye ampli. Kuanzia Novemba hadi Aprili, wingu likianza kuunguruma, chomoa plagi ukutani, waya wa dishi, na waya wa spika unaotoka nje. Vyote vitatu. Kuzima kwa kitufe hakusaidii, na kizuia-umeme cha soketi kinalinda njia moja tu kati ya hizo. Weka kiungio cha kuchomoa kwa mkono karibu na dirisha, maana mtu akihitaji bisibisi hatachomoa.

Waya uliozikwa ndani ya paipu una nafuu kuliko ulioning'inizwa, na hauanguki na nguo zilizoanikwa.

Spika za nje zitastahimili baridi na unyevu?

Baridi ya Juni na Julai peke yake haiui spika, hata kule Makete kunakoganda barafu alfajiri. Unyevu ndio unaoua. Tukuyu na Rungwe kwa jumla, koni ya karatasi ikikaa barazani msimu mmoja inaota ukungu na kulegea. Chagua koni ya plastiki na ukingo wa mpira, skrubu zisizoshika kutu, na uifunge chini ya upenu ikiinama kidogo kuelekea chini ili maji yasikae. Spika ya gari ya mtumba kwenye kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi ya mafuta inafanya kazi hii vizuri sana, ila nyingi ni za omu 4, kwa hiyo rudi kwenye hesabu.

Ampli isikae nje, wala isikae jikoni kwa kuni. Masizi yenye mafuta yanaingia kwenye matundu ya hewa na kushika vumbi, na joto halitoki tena.

Mvua ikipiga bati sisikii kitu, hata nikiongeza hadi mwisho.

Na hutasikia. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona ndogo, na mvua ya Machi juu ya bati lisilo na dari inakuzidi kwa mbali. Ukikaza hadi mwisho, ampli inafika kikomo na kukata vilele vya sauti. Hapo ndipo twita zinaungua, na mara nyingi ni ampli dhaifu iliyokazwa inayozichoma kuliko yenye nguvu iliyotulia. Weka dari. Au subiri mvua ipite.

Kijijini tunatumia sola. Upande wa pili unawezekana?

Unawezekana na ni rahisi kuliko mjini. Bodi ndogo ya ampli yenye chipu ya TDA7297 inakubali volti 6 hadi 18, hivyo inakaa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, bila inveta. Itakupa wati chache kila upande, zinazotosha baraza na majirani wawili. Weka fyuzi karibu na betri, kwani betri ya gari ikipata shoti inayeyusha waya. Ukiwa na inveta ya bei nafuu, tarajia mlio mwembamba kwenye spika. Si spika, ni inveta.

Nina vyumba vya wageni, na mapokezi yako mita 60 kutoka chumba cha mwisho.

Hapo toka kwenye omu, ingia kwenye laini ya volti 100, ile inayotumika makanisani na mashuleni. Ampli inatoa volti nyingi na mkondo mdogo, waya mwembamba unatosha, na kila spika ina transfoma yake yenye ngazi za wati. Hesabu inakuwa kujumlisha tu: spika sita zilizowekwa wati 10 ni wati 60, nunua ampli ya 75 au 80. Usiunge spika ya kawaida ya omu 8 kwenye laini hiyo, na usishike ncha zake sauti ikiwa inalia; inarusha.

Nimeunga vyote, spika zinalia, lakini besi imepotea.

Moja imegeuzwa. Koni moja inakwenda mbele wakati mwenzake anarudi nyuma, na besi zinafutana katikati ya chumba. Chomoa spika kwenye ampli, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya zake kwa sekunde moja: chanya kwa chanya, koni inatoka nje. Inayoingia ndani igeuze. Ukifanya hivyo kwenye ncha za upande wa ampli, unakuwa umepima na waya wote kwa mkupuo mmoja.

Majirani?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inahesabu kelele kama uchafuzi, na NEMC, taasisi ya serikali ya mazingira, imeshafungia baa kwa sababu hiyo. Barazani mbinu ni spika nne ndogo zilizo karibu na viti, kwa sauti ya chini, badala ya mbili kubwa zinazopiga kelele kutoka mbali. Penye uwazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa mara mbili. Anayekaa mita 2 kutoka kwenye spika anasikia vizuri, na aliye mita 16 ng'ambo ya uzio anapata pungufu ya desibeli 18. Zielekeze kwenye ukuta wako, si kwenye uzio.